Kabla Hujatia Saini Mulago: Wanafunzi Kitandani, Fomu za Utafiti na Haki ya Kusema Hapana

Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote sisi tunaokagua utafiti katika hospitali za kufundishia ni hili: mgonjwa amelala chali, amezungukwa na vijana sita au saba wenye makoti meupe. Wa kwanza anambonyeza tumbo, wa pili anabonyeza palepale, wa tatu naye anataka zamu yake, na jamaa anayemuuguza anauliza kama mtu wao ameletwa kutibiwa au kufanyiwa mazoezi. Baada ya muda lalamiko lilelile hurudi likiwa limeota mkia. Sasa kuna fomu iliyosainiwa bila kueleweka, kuna chupa tatu za damu zilizopelekwa kusikojulikana, na kuna binamu wa mtaa wa Kisenyi anayejua kwa hakika kwamba figo za watu zinauzwa.

Swali la kwanza ni halali na lina jibu. Mkia nitaukata mbele ya safari.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wodi za Mulago, hospitali kuu ya kufundishia jijini Kampala, hulaza watu kutoka Koboko, Arua, Bombo, Busia na Malaba, familia za wanajeshi, na wagonjwa waliovuka mpaka kutoka Bunia au Juba, ambao Kiganda chao ni cha kuungaunga na Kiingereza wanakiona ni lugha ya daktari. Baraza la Mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini wengi wa watu hawa bado husikia haki zao kupitia jirani wa kitanda cha pili. Jirani huyo ana nia njema. Kutafsiri fomu ya utafiti si kazi yake, na nitarudi kwake.

Njoo utazame

Mulago ilianza mwaka 1913 juu ya kilima kaskazini mwa mji, ikiwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Enzi hizo Albert Cook, mmisionari aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa akitahadharisha kwamba kaswende inaimaliza Buganda. Baadaye ilionekana kwamba alizidisha: mengi yaliyoitwa kaswende yalikuwa buba au ugonjwa mwingine wa jamii ya kaswende usiopatikana kwa ngono. Mwaka 1924 mafunzo ya udaktari yakaanza Makerere, kilima cha jirani, na wanafunzi wakawa wanavuka kwenda wodini Mulago. Kwa karibu miaka arobaini hapakuwa na shule nyingine ya udaktari Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilifuata mwaka 1963 na Nairobi 1967. Kwa hiyo wakati huo Mkenya au Mtanganyika aliyesomea udaktari katika eneo hili, alisomea kwa wagonjwa wa Mulago. Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuhitimu udaktari, alitoka hapo mwaka 1959. Jengo kubwa tunaloliita Mulago mpya lilifunguliwa 1962, mwaka wa uhuru.

Tarehe hizo nimezipita haraka kwa sababu nataka kufika mwaka 1957. Mwaka huo daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa na jibu. Jipu la jino halishiki pande nne kwa mpigo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akaanza kupekua. Rekodi za uchunguzi wa maiti na daftari la saratani la Kampala, kazi za mtaalamu wa patholojia Jack Davies na wenzake, zilionyesha kwamba watoto waliovimba taya walikuwa pia na uvimbe tumboni, kwenye figo na kwenye ovari. Hadi hapo kila uvimbe ulikuwa umeandikiwa jina lake. Burkitt aliuona ni ugonjwa mmoja wa saratani, akauandika mwaka 1958.

Kisha akatuma barua zenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wamewahi kumwona mtoto wa namna hii. Mwaka 1961 alitoka Kampala kwa gari hadi Afrika Kusini, pamoja na Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua na daktari wa tatu, Cliff Nelson, wiki kumi barabarani na kilomita kama 16,000, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza swali hilohilo. Ramani iliyotoka ilionyesha kwamba ugonjwa haupandi milimani kwenye baridi. Leo tunajua malaria ina mkono wake.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa ndani ya ukumbi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe. Ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na sampuli ilipofika maji yake yalikuwa yametibuka kiasi cha kudhaniwa yameoza. Walipoyatazama kwenye hadubini wakakuta seli za saratani zikielea, nzima. Seli hizo zikakubali kuoteshwa maabara, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona ndani yake kirusi, cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 1967, hapohapo Mulago, kikafunguliwa kituo kilichokuwa baadaye Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa ushirikiano wa Makerere na Marekani, kikiongozwa na John Ziegler. Humo ndimo ilimojaribiwa njia ya kuchanganya dawa mbalimbali dhidi ya uvimbe huo, na watoto waliokuwa wakifa ndani ya miezi wakaanza kupona. Utawala wa Amin ulipowaondosha wageni, Charles Olweny aliishika taasisi hiyo isife.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu hadubini ilikuja mwishoni. Kazi yote ilianzishwa na daktari aliyemwambia mwenzake: njoo utazame. Tendo hilohilo leo linaandikiwa barua ya malalamiko.

Mifano mingine ipo. Kitabu cha mwaka 1954 cha Trowell, Davies na Rex Dean kuhusu kwashakoo, utapiamlo mkali wa watoto, kilitokana na watoto wa wodi hizi, na kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa 1965, kiliwafundisha akina mama kumrudisha mtoto kwenye afya kwa vyakula vya sokoni badala ya dawa za dukani.

Mwanafunzi kitandani

Kwa mwanafunzi kukutazama na kukupima hakuna fomu, na msiidai. Kinachotakiwa ni kauli. Daktari anayefundisha anapaswa kusema maneno yanayofanana na haya: "Mzee, hawa ni wanafunzi wa mwaka wa nne. Naomba wasikilize moyo wako. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki." Una ruhusa kujibu ndiyo, hapana, wawili tu, au si leo kwa sababu nimechoka. Hajati akisema anataka wa kike peke yake, atapewa wa kike. Uchunguzi wa sehemu za siri unahitaji ruhusa yake ya pekee, na mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji hawezi kupimwa sehemu hizo kwa mafunzo kama hakukubali akiwa macho.

Ila jua unamkataa nani. Mwanafunzi wa udaktari anasoma miaka mitano, na hana mamlaka ya kukuandikia dawa; anachokiandika kwenye faili lazima daktari akitie saini. Baada ya hapo anakuwa daktari wa mazoezi, yule anayeitwa intani, kwa mwaka mmoja. Huyu amehitimu na amesajiliwa kwa muda na Baraza la Madaktari. Si mwanafunzi. Juu yake yuko daktari anayesomea ubingwa, miaka mitatu zaidi, na juu ya wote bingwa mwenyewe. Mtu anayemfukuza intani saa tisa usiku akidai "daktari wa kweli" amemfukuza daktari wa kweli, na wa pili huenda yuko chumba cha upasuaji na majeruhi wa bodaboda.

Wapo wanaosema wangependa kutibiwa na bingwa tu, na wanafunzi wajifunze kwa sanamu. Sanamu tunazo, zinasaidia. Haziumwi, hazina historia, na hazikubishii. Fundi gani wa cherehani alijifunza kwa kutazama kitambaa cha wengine? Na niseme lisilopendwa: wodi yenye wanafunzi ndiyo wodi ambamo mgonjwa huulizwa maswali mengi kuliko popote, na mara nyingine ni mwanafunzi mwenye muda wa kukaa kitandani aliyegundua kwamba mgonjwa anakunywa dawa za kienyeji pamoja na za hospitali.

Fomu ya upasuaji

Hii ni fupi lakini ndiyo yenye uzushi mwingi. Saini yako inasema umeelezwa utafanyiwa nini, kwa nini, na hatari zake ni zipi. Haisemi umeisamehe hospitali. Daktari akifanya uzembe, saini hiyo haimkingi, na hakuna hakimu atakayekurudisha nyumbani kwa sababu ulitia saini.

Mtu mzima, yaani aliyetimiza miaka 18 na mwenye fahamu zake, anasaini mwenyewe. Mwanamke mtu mzima anasaini mwenyewe. Narudia kwa ajili ya waume wanaofika wakiwa wamekunja uso kwamba mke kapasuliwa kabla wao hawajafika kutoka Busia: sheria haidai saini yenu. Ni jambo jema mkishauriana. Kumwacha mama anavuja damu huku tukisubiri simu ya baba ipatikane si jambo jema, na hatutalifanya. Dharura ikiwa kubwa na mgonjwa hajitambui, madaktari wanaruhusiwa kuokoa maisha kwanza.

Fomu ya utafiti

Sasa tumefika kwenye kazi yangu ya kila siku, mnivumilie.

Utafiti wowote unaohusu binadamu Uganda unapita kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kisha unasajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ukiwa wa kujaribu dawa au chanjo, Mamlaka ya Taifa ya Dawa nayo lazima itoe kibali chake. Ndani ya kamati hawakai madaktari peke yao. Wapo pia watu wa kawaida wa jamii, ambao mara nyingi ndio wanaouliza swali lililotushinda wengine. Kibali huwa na muda, kwa kawaida mwaka mmoja, na kinahuishwa kwa kuombwa upya.

Kwa hiyo ukipewa fomu ya utafiti, kabla ya kusoma neno lolote tafuta muhuri wa kamati. Muhuri una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Hakuna muhuri, hakuna utafiti. Tarehe imepita, hakuna utafiti. Fomu iwe katika lugha unayoielewa, na ikiwa umepewa ya Kiganda nawe ni mtu wa Yumbe, una haki ya kudai nyingine. Kama husomi, utasomewa mbele ya shahidi asiye na maslahi na utafiti huo, utaweka dole gumba, na shahidi atasaini. Shahidi hawi mfanyakazi wa utafiti. Na mtafsiri hawi jirani wa kitanda cha pili, kwa sababu akishakutafsiria ameijua siri yako yote, na kesho mko wote kwenye foleni ya chai.

Mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi, lakini akitimiza miaka 8 naye anaulizwa kama anakubali, na jibu lake linaandikwa. Kijana aliye chini ya miaka 18 ambaye ameoa au ameolewa, ana mimba, ana mtoto au anajitegemea kwa riziki yake anaweza kujisainia. Nakala ya fomu ni yako, ondoka nayo. Ndani yake kuna namba ya mtafiti mkuu na namba ya mwenyekiti wa kamati. Watu huifungia chapati halafu wanakuja kutuuliza wampigie nani.

Fedha unazopewa ni nauli na fidia ya muda wako. Si bei ya mwili. Kiasi hicho tumekikagua sisi, na kikiwa kikubwa mno tunakipunguza, kwa sababu mtu mwenye njaa hawezi kusema hapana mbele ya noti nyingi. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na tiba yako ya kawaida inaendelea. Daktari akikwambia "ukitoka kwenye utafiti utafute hospitali nyingine", huyo ametenda kosa. Tuletee jina lake.

Kuhusu damu. Chupa ndogo ya maabara huchukua kama mililita tano, kijiko kimoja cha chai. Chupa tatu ni vijiko vitatu, katika mwili wa mtu mzima wenye kama lita tano. Mgonjwa akiongezewa damu hupewa mililita kama 450 kwa mfuko mmoja. Anayetaka kufanya biashara ya damu kwa vijiko vya chai atafilisika. Hofu yenye msingi ni nyingine: sampuli inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na inakwenda nchi gani? Hilo liulizeni. Kuhifadhi sampuli kwa utafiti wa baadaye kuna sehemu yake ya kusaini peke yake, na unaweza kukubali utafiti ukakataa kuhifadhiwa. Kuipeleka nje kunahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha Baraza la Taifa. Vipande vilivyopanda ndege Entebbe miaka ya mwanzo ya 1960 vilisafiri bila karatasi kama hizi. Azimio la Helsinki lenyewe, msingi wa maadili ya utafiti wa kitabibu duniani, lilitoka mwaka 1964, mwaka uleule kirusi kilipoonekana.

Kuna wanaoamini utafiti ni kupewa dawa isiyofanya kazi ili wengine wapone. Chukueni nevirapini, dawa ya virusi vya Ukimwi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mulago ilifanya utafiti kwa zaidi ya akina mama 600 wenye virusi vya Ukimwi. Awali kulikuwa na kundi la dawa bandia. Matokeo kutoka Thailand yalipoonyesha kwamba dawa za muda mfupi zinamkinga mtoto, kundi hilo likafutwa na wote waliobaki wakapata dawa halisi ya namna moja au nyingine. Mama wa kundi la nevirapini alimeza kidonge kimoja uchungu ulipoanza, mtoto akapewa dozi moja ndani ya siku tatu za kuzaliwa. Walipofika wiki 14 hadi 16, watoto walioambukizwa walikuwa 13 kwa kila 100, dhidi ya 25 kwa kila 100 kwa waliopewa dawa ya kulinganishwa nayo. Matokeo yalitangazwa 1999 na kidonge hicho kikasambaa nchi maskini kote. Leo kimepitwa: mama mjamzito mwenye virusi anaanzishiwa dawa za maisha, mpango ambao Uganda iliukubali mwaka 2012. Wakaguzi waliopitia utafiti ule baadaye walikuta kasoro katika utunzaji wa kumbukumbu, mjadala ukawa mkali, na mwaka 2005 jopo la kitaaluma la Marekani lililopitia kila kitu likasema matokeo ni ya kuaminika. Kwa hiyo muuguzi wa utafiti akikuuliza tarehe ya kuzaliwa kwa mara ya tatu, usimkemee.

Mfano wa pili unawahusu hata madaktari wenye majivuno. Mtoto mwenye homa kali anayeingia kwenye mshtuko, mikono na miguu ya baridi, alikuwa akimiminiwa maji mengi ya dripu haraka. Vitabu vya dunia nzima vilifundisha hivyo. Watoto 3,141 wa hospitali sita, nne zikiwa za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, pamoja na Kilifi ya Kenya na Muheza ya Tanzania, wakaingizwa kwenye utafiti kulinganisha njia hiyo na kutowamiminia. Mwaka 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Kati ya waliomiminiwa walikufa karibu 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48. Kati ya wasiomiminiwa, saba. Kilichoaminika kuwa msaada kilikuwa kinaua, na bila wazazi wa Mbale na Soroti kukubali, pengine kingeendelea kuua hadi leo.

Utafiti huo unatusaidia pia kueleza jambo linalowaudhi wengi: iweje mtafiti aanze na fomu ije baadaye? Mtoto anakata roho na mama analia. Huwezi kumsomea kurasa nane. Kwa hali kama hizo kamati iliruhusu mzazi aelezwe kwa ufupi, akubali au akatae kwa mdomo, kisha fomu kamili ifuate mtoto akitulia. Ruhusa ya namna hii hutolewa kwa nadra, kwa maandishi, kabla ya utafiti kuanza. Mtafiti hawezi kujiamulia wodini.

Na wanaosema kamati zinachelewesha tiba waangalie virusi vya Sudan, jamii ya Ebola. Katika mlipuko wa 2022 chanjo za majaribio zilifika Desemba, wagonjwa wakiwa wamekwisha. Tarehe 30 Januari 2025 ugonjwa ukatangazwa tena baada ya muuguzi wa Mulago kufariki, na tarehe 3 Februari jaribio la chanjo likaanza Kampala. Siku nne. Liliwezekana kwa sababu mpango ulikuwa umeandaliwa kabla ya mlipuko.

Figo, maiti na simu za mkononi

Figo sasa. Figo ya kwanza kupandikizwa nchini Uganda ilipandikizwa Mulago Desemba 2023, baada ya sheria ya viungo vya binadamu kupitishwa mwaka huohuo. Kabla ya hapo mwenye uwezo alikwenda India. Figo ikitolewa hukaa kwenye barafu kama siku moja, moja na nusu ikizidi, na lazima kundi la damu na tishu vilandane na vya mpokeaji. Uzushi wa figo kuibwa wodini na kupandikizwa juu kwa juu umezunguka Kampala miaka mingi, wakati hapakuwa na chumba kimoja nchini cha kufanyia kazi hiyo. Siwezi kusema biashara haramu ya viungo haipo duniani. Ipo, na ndiyo maana sheria inakataza kununua na kuuza. Ila anayeogopa aulize nani atakuwa daktari, wapi, kwa ruhusa gani. Kovu la upasuaji wa kidole tumbo haliko mahali pa figo.

Maiti. Uchunguzi wa maiti ni wa aina mbili. Unaoagizwa na polisi, kwa mfano kwa ajali au kifo chenye shaka, hauhitaji idhini ya familia. Unaoombwa na madaktari ili kujua chanzo cha ugonjwa unaihitaji, na familia ikikataa, imekwisha hapo. Ndugu zetu Waislamu wanaotaka kuzika siku hiyohiyo waseme mapema, na wodi inapaswa kuharakisha. Nawaomba tu wakumbuke kwamba ugonjwa wa moyo unaokakamaza kuta zake za ndani, unaowapata watoto na vijana wetu, ulielezwa na Davies mwaka 1948 kutokana na maiti za Mulago. Mapigo ya wagonjwa wale walipokuwa hai yalikuwa hayajamwambia mtu kitu.

Simu nazo. Hali yako ya kiafya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019. Mwanafunzi haruhusiwi kupiga picha kidonda chako akaitupia kundi la WhatsApp bila idhini yako. Hapo wote mnanipigia makofi. Sheria hiyohiyo inamhusu jamaa anayerekodi wodi nzima na kuipandisha TikTok kuonyesha msongamano, huku mgonjwa wa kitanda cha tatu akionekana uso na mfuko wa mkojo. Kutoa taarifa binafsi za mtu kinyume cha sheria kunaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 10, au faini, au vyote viwili.

Faini za Uganda huhesabiwa kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000. Kwa Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, hongo ina kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi pointi 240, yaani shilingi milioni 4.8, au vyote. Inamkamata anayepokea na anayetoa. Huduma za kawaida katika hospitali za serikali hazitozwi tangu 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Akikuomba mtu "ya chai" ili uingizwe kwenye utafiti, au ili mgonjwa wako aonwe na bingwa badala ya mwanafunzi, usimpe halafu ukaja kulalamika. Mkatae, andika jina lililo kwenye kitambulisho chake, tarehe, wodi na saa.

Lalamiko linavyokwenda

Kuhusu mwanafunzi au matibabu, anza kwa muuguzi mkuu wa wodi, kisha ofisi ya malalamiko ya hospitali. Kuhusu mwenendo wa daktari, andikia Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kuhusu utafiti, piga namba ya mwenyekiti wa kamati iliyo kwenye nakala yako. Ukiona kamati imekukalia kimya, panda hadi Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kuhusu taarifa zako, nenda Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua ya Kiswahili inapokewa. Lalamiko lisilo na jina la wodi wala tarehe tunalipokea pia, lakini hatuna pa kuanzia kulichunguza, na msishangae likikaa. Kama ulichonacho ni fomu ambayo muhuri wake umepita muda, usiichane: ilete ilivyo, hata kama imeshika mafuta ya chapati.